Hakupona, Hajapona

Jumapili, tarehe ishirini na tatu Juni. Asubuhi ilianza na ukungu mzito, ule wa kulowesha kuta, na nguo zilizolala nje kwenye kamba zilikuwa nzito kuliko nilipozianika. Jua lilikuwa nyuma yake mahali fulani, kama mgeni anayebisha hodi lakini haingii.

Niliamka kabla ya wengine nikapiga magoti kando ya kitanda. Huwa nasali kwa muda mrefu, lakini siku hiyo sala yangu ilikuwa fupi. "Bwana, msaidie mwanangu aseme neno moja tu." Nikasema Amina, nikaenda chumba cha mbele kuwasha pasi.

Sisi ni madobi. Chumba cha mbele ndilo duka letu: kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, rafu za vifurushi vya wateja, na ndoo ya wanga pembeni. Nyuma kuna ua wenye mabeseni na kamba nne. Mume wangu ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, kwa hiyo kazi ya mchana ni yangu na ya binti yetu. Watu wanamwita Pasi. Jina hilo alipewa na rafiki yake Chiriku, walipokuwa bado wanavaa sare za shule. Chiriku alisema, "Huyu akikugusa, unanyooka. Ukimgusa vibaya, unaungua." Jina likaganda, mpaka mchungaji wetu akawa anamwita hivyo hivyo madhabahuni.

Siku hiyo Pasi alikuwa asimikwe kuwa kiongozi wa vijana kanisani. Nafasi hiyo ilikuwa ya Chiriku, na Chiriku alikuwa amekufa.

Kilichotakiwa kwa Pasi kilikuwa kitu kidogo, au mimi nilikiona kidogo. Mlezi wa vijana, ambaye siku za kazi ni fundi umeme, alipita dukani katikati ya wiki, koleo likiwa bado mfukoni, akaniambia kwamba kabla ya kusimikwa Pasi atatoa ushuhuda. Ataambiwa apande mbele, atashika kipaza sauti, atasema Bwana amemponya huzuni ya msiba.

"Aseme tu 'nimepona,' Mama Dobi. Neno moja. Vijana wamelegea. Wakimsikia yeye, wote watasimama."

"Atasema," nilimjibu. "Nitaongea naye."

Kwetu kanisani neno hilo lina uzito wake. Mtu akiugua hatusemi anaumwa. Tunasema amepona. Tunalisema kabla halijaonekana, kwa imani, ili liwe. Utamkuta mtu ana homa, meno yanagongana, ukimuuliza hali anakujibu, "Nimepona, mpendwa, nimepona," na wewe unamwitikia Amina huku unamtafutia blanketi. Mume wangu, ambaye kanisani huja kwenye harusi tu, aliwahi kuteguka kifundo cha mguu. Akina mama wa maombi walikuja nyumbani, wakamzunguka, wakasema kwa sauti, "Umepona, baba! Umepona!" Akawaangalia, akasema, "Basi uambieni na mguu, maana bado haujapata habari." Tulicheka wote, hata mchungaji alipohadithiwa. Hatukuona hatari yoyote ndani yake.

Chiriku alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu akiwa mtoto. Alikuwa anajichoma sindano mwenyewe, tumboni, popote alipo. Nimewahi kumwona anajichoma hapa hapa dukani, amekaa juu ya furushi la mashuka ya nyumba ya wageni, mkono mmoja umeinua blauzi na mwingine umeshika sindano, na mdomo haujafunga hata kidogo.

"Mama Dobi, huyu binti yako ataolewa na nani kama kila mwanamume anamkagua kola?"

"Kola yako mwenyewe imejaa poda," Pasi alimjibu.

"Poda ni ya Bwana. Mungu anapenda wanaonukia."

Ndivyo walivyokuwa, kutwa. Mmoja anaongea, mwingine ananyoosha.

Kwenye mkutano wa vijana, Chiriku alisimama akatangaza kwamba amepona sukari. Pasi ndiye aliyempa kipaza sauti. Kanisa zima lilisimama, watu wakapiga vigelegele, na wale wawili wakakumbatiana mbele yetu wakilia kwa furaha. Nami nililia.

Baada ya hapo Chiriku akaacha sindano. Hakuna aliyemwambia aache. Mchungaji amelirudia hilo mara nyingi, na ni kweli. Lakini mtu amekwisha sema "nimepona" mbele ya watu wote, kisha aonekane anajichoma? Angekuwa mwongo. Chiriku alikuwa na makosa mengi. Alikuwa anachelewa, anaazima hereni harudishi, na akicheka ibadani alikuwa hawezi kujizuia. Ila uongo hakuwa nao. Akawa anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, akapungua mwili, akaanza kutapika, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Nimepona." Mama yake ni mpishi wa shule, hutoka kwake kabla hakujapambazuka. Alidhani sindano zinaendelea. Walipomfikisha hospitali, yule msichana wa maneno mengi hakuweza tena kusema hata moja.

Siku ya mazishi mlezi wa vijana alimshika mkono Mama Chiriku, kwa upole kabisa, akamwambia, "Mama, tulisimama naye. Ila imani yake haikutosha." Pasi alikuwa karibu nao, ameshika ndoo ya maji ya kunawa. Aliisikia kauli hiyo. Aliiweka ndoo chini, akaondoka.

Tangu siku hiyo alifanya kazi bila kuimba. Mezani nikimaliza kuomba, Amina ilikuwa yangu peke yangu.

Mimi nasoma shule ya jioni. Nilipokuwa mdogo nafasi haikupatikana, na sasa nashukuru Mungu kwamba naweza kuisoma Biblia yangu mwenyewe bila kusomewa. Ijumaa kabla ya siku hiyo ya kusimikwa, mwalimu alitupa kazi ya kufanya nyumbani. Alituandikia sentensi, akasema tuzikanushe. Mvua imenyesha. Wageni wamefika. Mgonjwa amepona. Nilikaa mwisho wa meza ya pasi nikaandika polepole, ulimi umetoka nje kidogo, ndivyo ninavyoandika. Pasi alikuwa ananyoosha shati la karani mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Akainamia daftari langu.

"Mama, umekosea zote."

"Zote? Hata wageni?"

"Hata wageni. Umeandika 'wageni hawakufika.' Hiyo inakanusha 'walifika.' Hapa ni 'wamefika.' Kwa hiyo ni 'hawajafika.'"

"Mbona yote ni hapana tu? Si hawapo?"

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, na moyo wangu ukaruka. "Siyo hapana moja, mama. Ukisema hawakufika, umeshaosha vyombo, umefunga mlango, umelala. Ukisema hawajafika, bado unawasubiri. Chai iko mezani."

"Haya, mwalimu wangu. Na mvua?"

"Haijanyesha."

"Na huyu mgonjwa? Mimi nimeandika 'mgonjwa hakupona.'"

"Mgonjwa haja..." alianza.

Nilidhani ameona kosa lingine. Nilisubiri. Kisha nikasikia harufu. Pasi ilikuwa imetulia juu ya mgongo wa lile shati, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Mwanangu alikuwa hajawahi kuunguza nguo ya mteja tangu aanze kazi hii. Niliruka nikaiinua pasi. Yeye hakuwa anaiona. Alikuwa anaangalia daftari.

"Ilikuwa bado," alisema. "Mama, ilikuwa bado."

"Nini, mwanangu?"

"Angesema 'sijapona.' Angesema hivyo tu, ilikuwa bado. Dawa zilikuwepo kwenye kabati lao. Muda ulikuwepo. Sisi tukamfundisha kusema amepona." Aliweka kidole juu ya sentensi yangu, pale nilipokosea. "Sasa hii ndiyo sahihi. Hakupona. Iache hivyo hivyo, mama. Usifute."

Nilimkumbatia. Alikuwa amekauka kama ubao. Nikamwambia maneno ambayo mama humwambia mtoto, kwamba Mungu anajua, kwamba Chiriku yuko mahali pazuri. Akaniacha nimalize.

"Nikifumba macho nisali," alisema, "namwona anaomba maji. Simchukii Mungu, mama. Usiogope. Ni kama nimeingia kwenye nyumba ninayoifahamu, nikaita, na hakuna aliyeitika."

Nisiogope! Usiku ule sikupata usingizi. Mimi nilikuwa sina kitu cha kumwachia mtoto huyu. Nyumba ni ya kupanga, pasi zimechakaa. Nilikuwa nimemwekea imani tu, tangu akinyonya, na sasa nilimwona anaitoa nje kama anavyotoa mzigo wa mteja.

Ndiyo maana Jumapili asubuhi, katika ukungu ule, niliomba neno moja. Nililinyoosha joho lake la kwaya mwenyewe, jeupe, lenye utepe wa bluu. Alitoka chumbani amevaa gauni la kawaida, uso umeoshwa, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Joho lako liko tayari."

"Umeweka wanga mwingi. Litasimama lenyewe, mimi nibaki nyumbani."

Nilicheka ili naye acheke. Hakucheka. Akaketi kwenye furushi.

"Mama, siwezi kulisema lile neno."

"Ni neno moja tu. Liseme, moyo utafuata nyuma. Ndivyo tulivyofundishwa sote."

"Ndivyo alivyofundishwa na yeye."

"Wewe hutakufa kwa kusema huzuni imeisha!"

"Nitakuwa nimemzika mara ya pili," alisema. "Watashangilia, mama. Unawajua. Wataruka juu. Na mama yake atakuwa amekaa pale, anatazama watu wanaruka."

Mlango ulifunguliwa, mume wangu akaingia kutoka kazini, koti limelowa ukungu, tochi bado mkononi. Alitutazama sisi wawili, akatazama joho.

"Naona leo kuna harusi na bibi harusi hataki," alisema.

"Baba Pasi, usianze utani," nilimwambia. "Mwambie mwanao."

"Nimwambie nini?" Aliketi akaanza kufungua kamba za viatu. "Mimi kazi yangu ni kulinda ghala. Bosi akiniuliza asubuhi kama kila kitu kipo, na kuna mlango umevunjwa, siwezi kumwambia kila kitu kipo eti kwa imani. Nitafukuzwa." Akavua kiatu kimoja. "Lakini Mungu wenu simfahamu vizuri. Labda yeye anapenda kuambiwa hivyo."

"Hapendi," Pasi alisema taratibu. "Mama ndiye aliyenifundisha kwamba hapendi uongo."

Nikawa nageuza geuza joho juu ya meza kana kwamba kuna mkunjo uliobaki.

"Nitakwenda," akasema. "Nitapanda mbele. Sitakuaibisha kwa kutokuja. Lakini nitasema ninachoweza kusema. Na baada ya hapo, mama, sijui kama nitarudi tena pale kanisani. Kama hutanitaka hapa nyumbani kwa sababu hiyo, niambie sasa. Nimeshaongea na mama mdogo, amesema ana nafasi ya godoro."

Ndugu yangu mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kabla yangu! Maneno hayo yalinipiga mahali nisipopajua. Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba hapa ni kwake. Lakini nikamfikiria mchungaji, akina mama wa maombi, na jinsi watu watakavyoniuliza habari za binti yangu kila nitakapopita na kapu la nguo. Nikanyamaza. Alisubiri jibu. Kisha akalichukua joho akaingia chumbani kulivaa.

Kanisa letu ni ukumbi uliokuwa karakana zamani. Sakafuni kuna madoa ya mafuta ambayo hayajawahi kutoka, na mimi dobi nimejaribu kila sabuni. Viti ni vya plastiki. Siku hiyo vilijaa, na waliochelewa walisimama ukutani. Mama Chiriku alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini mhudumu alikuwa ameniwekea kiti mbele, kiti cha mama wa kiongozi.

Waliimba, waliomba, kisha mlezi wa vijana akapanda, shati lake limenyooka, nililinyoosha mimi. Akasema, "Wapendwa, adui alitupiga. Lakini leo mtasikia kwa masikio yenu Bwana alichofanya. Dada Pasi, karibu!"

Walipiga makofi. Mwanangu alipanda akapokea kipaza sauti. Kilikuwa kimefungwa mpira ili betri isidondoke. Aliushika ule mpira kwa kidole gumba.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nimeombwa niwaambie kwamba nimepona." Alipumua, na pumzi yake ilisikika kwenye spika. "Sijapona."

Mwanzoni watu walidhani hawakusikia vizuri. Mlezi alitabasamu, akamsogelea. "Kwa imani, dada! Sema kwa imani!"

"Sijapona," alirudia.

Hapo mama mmoja kutoka upande wa kushoto akapaza sauti, kwa upendo, nawaapia, kwa upendo kabisa: "Umepona, binti!" Mwingine akadakia, "Umepona!" Likaenea. Ukumbi wote ukaanza, mikono juu, wengine machozi yanawatiririka, "Umepona! Umepona! Umepona!" Mabati yalikuwa yanatetemeka. Nilishtuka kuona hata mdomo wangu umefunguka. Nilikuwa nimeshasema "Ume..." Nikaufunga kwa mkono.

Pasi alisimama tu. Aliwaacha mpaka sauti zikaanza kupungua zenyewe, moja moja, kama mvua inavyoacha.

"Hivyo ndivyo tulivyomwambia Chiriku," alisema.

Nilisikia feni ya dari. Sikujua kama ile feni ina sauti.

"Mmesema imani yake haikutosha. Mmemwambia hivyo mama yake. Alikuwa na imani kuliko mimi, na kuliko wewe, mlezi. Alituamini sisi. Tulimwambia amepona, akatuamini." Sauti yake ilikatika, akaitafuta. "Sina kingine. Uongozi mpeni mtu mwingine. Samahanini."

Aliweka kipaza sauti juu ya kiti. Kisha akalivua joho, pale pale mbele, akalikunja kama tunavyokunja dukani: mikono ndani, kola juu, utepe umelala katikati. Akaliweka kando ya kipaza sauti. Akashuka, akapita katikati ya viti akitazama mlango.

Nyuma ilisikika sauti ambayo sitaki kuielezea. Alikuwa Mama Chiriku. Aliinuka akamfuata nje.

Mchungaji wetu ni mzee mpole. Hakukemea. Alivua miwani, akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Tusimame, tuombe." Akasimama akainamisha kichwa, lakini sala haikumtoka. Sote tulisimama. Nilifumba macho kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikatafuta maneno, na sikupata lolote katika yale niliyozoea. Nikasema moyoni, "Bwana, mwanangu anaumwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Mungu hivyo. Nikafumbua macho, nikatoka. Kiti changu kiliburuzika kwa kelele na kila mtu akageuka.

Ukungu ulikuwa umekwisha, lakini mabati bado yalikuwa yanadondosha maji. Pasi na Mama Chiriku walikuwa wamesimama kando ya ukuta. Mama Chiriku alikuwa amemshika mikono yote miwili.

"Niambie, mwanangu," alikuwa anasema. "Niambie tu. Alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa anaogopa, mama."

"Alikwambia?"

"Aliniambia. Nilikwenda kumwona, akaniambia, 'Pasi, naona kama naondoka.' Nikamwambia..." Mwanangu aliinama. "Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia aseme tena kwamba amepona. Akasema tena."

Hilo sikuwa nalijua. Nilisimama mbali kidogo, sikuweza kusogea.

Mama Chiriku aliiachia ile mikono. Alitazama chini kwenye maji yaliyotuama, na Pasi hakujaribu kumgusa wala kujitetea. Nilidhani mama yule atamzaba kofi, na nisingemzuia.

"Sijui nikwambie nini," alisema mwishowe. "Leo sijui. Labda kesho nitakuchukia. Lakini wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli kuhusu mtoto wangu." Akajifuta uso kwa kile kitambaa. "Usiende mbali. Nikitaka kukuuliza tena, nikupate."

"Nitakuwepo, kama..." Pasi akaniona. Hakumalizia. Lakini nilijua alichokuwa anakisubiri kutoka kwangu tangu asubuhi.

Watu walikuwa wameanza kutoka. Ibada ilikuwa imekwisha mapema. Akina mama wa maombi walitufikia kwanza, mlezi wa vijana nyuma yao, uso wake umepauka, na vijana wa kwaya wamesongamana mlangoni na majoho yao meupe. Mkuu wa maombi, mwanamke ambaye alinisaidia nilipomzaa Pasi, alinikumbatia kwa nguvu.

"Usilie, Mama Dobi. Huyu ni wetu. Ni kishindo cha adui tu. Amerudi, mpendwa! Sema amerudi! Sema sasa hivi, kwa imani!"

"Sema, mama," wengine wakaitikia. "Amerudi!"

Pasi alinitazama. Macho yake hayakuniomba kitu. Yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kufunga begi. Nilimpenda mwanamke yule aliyenikumbatia. Alikuwa ananipa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Niliitoa mikono yake shingoni mwangu taratibu.

"Hajarudi," nilisema.

"Mama Dobi!"

"Hajarudi, dada yangu. Huenda asirudi." Kusema hivyo kuliniuma kama kumeza kaa la moto. Mimi si msemaji, sijawahi hata kusoma matangazo kanisani. Nilimgeukia mwanangu, nikainua sauti ili hata wale wa mlangoni wasikie.

"Mwanangu, uliniuliza asubuhi sikukujibu. Nakujibu sasa mbele ya mama yako huyu mwenye msiba, mbele ya mlezi wako, mbele ya kanisa, na Mungu wangu ananisikia. Nitakuombea kila siku, na hilo huwezi kunizuia. Lakini sitamwambia mtu yeyote kwamba umerudi kama hujarudi. Wakiniuliza nitasema binti yangu haji kanisani, ana jeraha, na sisi tuliokuwa naye ndio tuliomjeruhi. Kwa mama mdogo utakwenda kusalimia tu. Utalala kwako. Utakula mezani kwangu, na nikimaliza kuomba, ukinyamaza, nitakupakulia wewe wa kwanza. Naahidi."